MKARAFUU, MTI WA UA LISILOACHWA LIFUNUKE

Katika miti ipandwayo na watu wa Unguja na Pemba, mkarafuu hungojewa muda mrefu, tena hutaka haraka. Aupandaye hungoja miaka sita, saba au minane ndipo aone zao la kwanza. Walakini zao lenyewe likiwa tayari, humpa siku chache tu za kulichuma. Siku hizo zikipita, ua hufunuka, na kilichokuwa mali huwa karamu ya nyuki. Yafaa jambo hili lielezwe kwa urefu, maana makosa mengi yapunguzayo bei ya karafuu, na mengine yaidhuruyo mikarafuu yenyewe, yametokana na kusahau kwamba karafuu si tunda wala si mbegu. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunuka.

Mwenye shaka na ajaribu mwenyewe, na mwalimu aweza kuwaonyesha watoto darasani bila gharama. Chukua karafuu kavu iliyo nzima, uiroweke katika maji ya moto kiasi cha saa moja hata ilainike, kisha uipasue kwa wembe kutoka kichwani hata mkiani. Utaona kwamba ule mguu mrefu ndio kikalio cha ua, na juu yake pana meno manne yaliyo magumu. Katikati ya meno hayo pamekaa kijipira kidogo. Hicho ni petali nne zilizokunjwa pamoja kama kofia. Ukikifungua kijipira utakuta ndani nyuzi nyingi zimejikunja, nazo ndizo nyuzi za poleni. Chini yake, ndani ya mguu, zimo chembe ndogo sana ambazo zingalikuwa mbegu. Basi ua zima limo humo tayari, limefungwa kama mzigo wa msafiri. Na ukiuminya mguu wa karafuu njema kwa ukucha, mafuta yatatoka. Karafuu isiyotoa mafuta imekwisha kuzeeka, au imekwisha kukamuliwa na mtu mwingine kabla yako.

Mafuta hayo ndiyo thamani yote ya karafuu. Katika karafuu kavu iliyochumwa kwa wakati wake, uzito wa mafuta ni kama sehemu 15 hata 20 katika kila sehemu 100, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho eujeno, ambacho ndicho kitoacho harufu na ukali. Ua likifunuka, ile kofia ya petali hudondoka, nyuzi hutawanyika, na nguvu ya mti hugeukia kazi ya kufanya tunda. Mafuta hupungua. Karafuu iliyochumwa hapo hukauka ikawa haina kichwa, nyepesi, na mnunuzi aiona mara moja. Kwa upande wa pili, tumba lililochumwa likiwa bado changa na la kijani hukauka likasinyaa, rangi yake ikawa mbaya. Kati ya uchanga na kufunuka ndipo palipo na fedha.

Wakati ulio sawa hujulikana kwa rangi. Tumba hukaa juu ya mti kiasi cha miezi mitano au sita tangu kuchomoza. Kwanza huwa la kijani, kisha hupauka kuelekea manjano, kisha shavu lake huanza kuwa jekundu. Hapo limejaa, na kile kijipira bado kimefungwa. Lakini matatizo ndiyo haya: matumba ya mti mmoja hayaivi pamoja, hata yale ya kishada kimoja huweza kupishana. Kwa hiyo mti hupandwa mara mbili, mara tatu, na zaidi katika msimu mmoja. Aghalabu msimu huanza mwezi wa Julai ukaendelea hata Disemba au Januari, lakini mkarafuu haufuati kalenda ya mtu. Mwaka mmoja matawi huinama kwa uzito, na mwaka wa pili mti huohuo hautoi hata cha kutia katika pilau. Wazee wa Pemba wajua kwamba mavuno makubwa huja mara moja baada ya miaka kadhaa, na mwenye shamba mwenye busara hafanyi deni la miaka yote kwa hesabu ya mwaka mmoja mnono.

Mchumaji hulipwa kwa kipimo cha alichokichuma. Mpango huu ni wa haki, lakini una madhara yake, maana mtu alipwaye kwa kipimo hukomba kishada chote, kibichi na kilichoiva, ajaze pakacha upesi apande mti mwingine. Dawa yake si kumgombeza jioni mbele ya watu. Mwenye shamba na akague mapakacha mawili ya kwanza asubuhi, siku ya kwanza, aseme palepale kipi atakilipia na kipi hatakilipia. Asiyefanya hivyo amejitakia mwenyewe.

Madhara ya pili ni makubwa kuliko hayo. Mti wa mkarafuu hurefuka futi 30 hata 40, na matumba hutokea nchani mwa vijitawi, mbali na shina. Mchumaji hupanda, hujifunga kamba, na kwa upembo huvuta matawi yaje karibu naye. Vijitawi vya mkarafuu ni vikavu, havipindiki kama vya mpera; vikivutwa kwa nguvu hukatika. Mwenye kuvunja huona amevunja kijitawi tu. Kumbe amefanya mambo mawili: ameondoa ncha ambayo ingalitoa matumba msimu ujao, tena ameacha kidonda. Katika kidonda hicho huingia kuvu, yaani ukungu uliao mti, nao hushuka polepole ukikausha tawi kutoka juu kwenda chini. Tawi lililokauka hivyo likatwe chini ya mahali palipooza, kwenye mti uliyo mzima, na kilichokatwa kichomwe moto. Ngazi nzuri na kamba imara ni ghali kuliko upembo, lakini huokoa matawi, na huokoa watu pia. Kuanguka mkarafuuni ni jambo baya linalojulikana katika kila mtaa wa Pemba, na tawi lililooza ndani halimwonyi mtu kabla halijavunjika. Mti wenye matawi makavu na ukaguliwe kabla ya msimu, si wakati mtu amekwisha kuwa juu. (Habari za maji moto, wale chungu wekundu waumao, sina haja ya kuwaeleza watu wa Pemba, mgeni atawajua mwenyewe kabla ya saa nne asubuhi.)

Uko ugonjwa mwingine ambao haukutokana na uvunjaji, nao ni kifo cha ghafula. Mti mkubwa ulio mzima huanza kupauka majani, majani hudondoka, na baada ya wiki chache au miezi michache umekufa wote kwa mara moja. Ugonjwa huu uliua mikarafuu mingi sana ya Unguja na Pemba tangu mwisho wa karne ya 19, ukawashangaza watu miaka mingi. Wengine wakisema ni udongo uliochoka, wengine husuda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wataalamu walitambua kwamba ni kuvu iingiayo mizizini. Hupendelea miti mizima izaayo, na huenda kutoka mti mmoja hata mti wa jirani. Mti uliokufa hivyo usiachwe umesimama mwaka mzima katikati ya shamba.

Turudi kwenye karafuu zilizochumwa. Kazi haikwisha zikifika chini. Jioni hiyohiyo hukaa watu, wake kwa waume na watoto, wakichambua, yaani kutenga matumba na makonyo yake. Kishada huchukuliwa mkononi, kikaminywa na kupindwa penye kiganja, matumba yakaanguka huku na makonyo yakatupwa kule. Kazi hii haingoji kesho. Karafuu mbichi zikirundikwa usiku kucha katika gunia au pembeni mwa nyumba, hupata joto kama biwi la majani, huchacha, na asubuhi zimelainika. Zikikaushwa baadaye hutoka zimepauka na kusinyaa. Hizo ndizo ziitwazo mpeta, na bei ya mpeta yajulikana. Ikiwa uchambuzi hauwezi kumalizika usiku ule, afadhali vishada vitandazwe kwa utambi mwembamba sakafuni kuliko kurundikwa.

Kukausha huchukua siku nne au tano za jua jema. Karafuu hutandazwa juu ya majamvi au sakafu safi, hugeuzwageuzwa, na jioni hukusanywa zikafunikwa zisipate umande. Mvua ikinyesha juu ya karafuu zilizokauka nusu, hasara yake ni kubwa kuliko kuchelewa siku mbili. Kwa hiyo jamvi lina faida kuliko sakafu, maana jamvi hukunjwa likaingizwa ndani kwa dakika moja. Haifai kuanika juu ya barabara ya lami, kwa kuwa karafuu hunyonya harufu ya kila kitu kilicho chini yake, tena huchanganyika na mchanga. Zikiwa tayari huwa za rangi ya kahawia, hulia zikitikiswa, na moja ikivunjwa kwa vidole hukatika kwa mlio wala haipindiki. Karafuu mbichi ratli 100 hutoa kavu zipatazo ratli 30 au zaidi kidogo. Asiyeijua hesabu hii hudhani ameibiwa.

Makonyo nayo yasitupwe. Yana mafuta, ingawa ni machache kuliko ya karafuu yenyewe, kadiri ya sehemu 5 au 6 katika 100, na huko Wawi, Pemba, kipo kiwanda kiyakamuacho kwa mvuke. Majani ya mkarafuu pia yana mafuta kidogo. Huko Madagaska hukamuliwa kwa wingi, lakini mti unyonyolewao majani kila mara hauzai vizuri, na mwenye shamba hana budi kuchagua anataka mafuta ya majani au anataka karafuu.

Matumizi ya karafuu nyumbani hayahitaji maelezo marefu: pilau, chai, mchuzi, na singo ya bibi arusi, ambamo karafuu huchanganywa na asumini, mawaridi na langilangi. Jino likiuma, watu hutia karafuu penye tundu, nao hawakosei, kwa kuwa eujeno hufisha ganzi. Hata madaktari wa meno huichanganya na unga wa zinki kufanya dawa ya kuzibia meno kwa muda. Lakini karafuu na mafuta ya karafuu si kitu kimoja. Mafuta safi ni makali mno. Huunguza ufizi, na mtoto mdogo akiyanywa, hata kijiko kimoja, aweza kudhurika ini na kufa. Chupa yake iwekwe mahali pa juu, wala asipewe mtoto kwa ajili ya tumbo wala kwa meno yanayoota. Wavuvi wa samaki wa mapambo na wataalamu wa samaki hutia tone la mafuta hayo majini ili samaki walale, wapate kuwapima bila kuwaumiza. Hapo msomaji na apime mwenyewe nguvu yake.

Lakini si pilau wala meno yaliyokuwa yakinunua sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, ambako watu huvuta sigara zilizotiwa karafuu zilizosagwa, ziitwazo kretek. Hapo pana ajabu, maana mkarafuu wenyewe ulitoka huko. Asili yake ni visiwa vidogo vya Maluku: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Kwa karne nyingi hakuna mahali pengine duniani palipoota mti huu, na karafuu zilipitia mikono ya wafanya biashara wengi hata kufika Uchina, Bara Hindi, Arabuni na Ulaya. Waholanzi walipoitawala biashara hiyo katika karne ya 17, waliikata mikarafuu ya visiwa vingine ili mti ubaki Ambon na visiwa vya karibu tu, chini ya macho yao, bei isishuke. Watu walionyimwa miti yao walipigana, wakashindwa. Mwaka 1770 Mfaransa aitwaye Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche iliyotolewa huko kwa siri, ikapandwa Morisi, na kutoka visiwa vya Wafaransa mkarafuu ukafika Unguja mapema katika karne ya 19. Aliyeuleta hutajwa kuwa ni Mwarabu, Saleh bin Haramil. Seyyid Said, aliyefika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, aliona faida yake upesi, akawahimiza wenye mashamba wapande.

Mashamba hayo yalilimwa na watumwa walioletwa kutoka bara, na haifai kusimulia habari za karafuu bila kusema hivyo. Miti ya zamani iliyosimama hata leo katika baadhi ya mashamba ilitiwa ardhini kwa mikono yao, na hawakupata chochote. Utumwa ulifutwa na sheria Zanzibar mwaka 1897. Kabla ya hapo, mwezi wa Aprili 1872, kimbunga kikali kilipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba haikuumia kama Unguja, na tangu siku hizo Pemba ndiyo itoayo karafuu nyingi zaidi. Na Indonesia? Ilipanda mikarafuu yake upya kwa wingi, na katika miaka ya 1980 ikajitosheleza karibu kabisa. Bei ikaanguka, na wakulima wengi wa Pemba wakaiacha mikarafuu yao isongwe na magugu, wengine wakaikata kuni. Bei ilipopanda tena baadaye, aliyekuwa amekata alilazimika kuanza na mbegu.

Na mbegu yenyewe hutoka wapi? Hutoka katika ua lililoachwa. Mwenye kutaka miche na auchague mti mmoja uliozoea kuzaa vizuri, wenye afya, asiuchume baadhi ya matawi yake. Ua likifunuka na kupevuka huwa tunda la zambarau iliyokoza, lenye umbo la zeituni ndogo, na ndani mna mbegu moja. Hapo ndipo mtu aonapo udugu wa miti: mkarafuu ni wa ukoo mmoja na mpera na mkaratusi, na mzambarau ni ndugu yake wa karibu. Tunda likiiva lichumwe au liokotwe siku ileile, lirowekwe maji usiku mmoja, ganda litolewe kwa vidole, na mbegu ipandwe siku hiyo. Mbegu ya mkarafuu haivumilii kukauka. Ikikaa juma zima juu ya dirisha imekufa, hata kama kwa macho yaonekana nzima. Kwa hiyo usimtumie rafiki yako mbegu kavu ndani ya bahasha.

Kitalu kifanywe mahali penye kivuli na karibu na maji. Tuta liinuliwe kidogo, udongo uwe mwororo, mbegu ilazwe kina cha inchi moja, na baina ya mbegu na mbegu iwe shubiri. Juu yake pajengwe kichanja cha makuti. Mbegu huota baada ya wiki mbili hata sita. Mche hukaa kitaluni mwaka mmoja na nusu hata miaka miwili, na katika miezi ya mwisho makuti yapunguzwe kidogo kidogo, ili mche uzoee jua kabla ya kuhamishwa. Wengi hukosa hapa. Mche uliolelewa gizani ukitolewa ghafula ukapandwa penye jua kali, huungua majani wiki ya kwanza, na mwenyewe husema ardhi yake haifai.

Ardhi ifaayo ni ile yenye kina kirefu isiyotuamisha maji, kama ilivyo katika vilima vya Pemba na upande wa magharibi wa Unguja. Upande wa mashariki wa Unguja, kwenye maweni, mizizi haina pa kwenda. Wala usipande bondeni penye kinamo, ambapo maji ya masika hukaa siku nyingi. Mkarafuu wapenda mvua nyingi, lakini hautaki kusimama majini.

Mashimo yachimbwe kabla ya masika, kila moja futi mbili kwa upana na futi mbili kwa kina, yajazwe udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza. Kati ya shimo na shimo iwe futi 20 kwa uchache; penye nafasi, futi 25 ni bora. Mtu huona shamba lake tupu akatamani kupanda karibu karibu, lakini miti iliyosongamana hugombania jua, hurefuka bila matawi ya chini, na mchumaji hulazimika kupanda juu zaidi. Mche uhamishwe na bonge lake la udongo, bila kukata mizizi wala kuitikisa. Baina ya miche hupandwa migomba na muhogo, ili mche upate kivuli na mwenyewe apate chakula katika miaka asiyovuna. Majani ya kufunika ardhi yawekwe mbali kidogo na shina, maana mchwa huyafuata, na wakimaliza majani huhamia kwenye mche. Wakati wa kiangazi cha kwanza na cha pili mche umwagiliwe maji, hata kama ni kata moja jioni. Migomba iondolewe polepole, mche ukiwa umefikia kimo cha mtu na kuanza kufanya kivuli chake wenyewe.